Watani wa Ziwani: Kafi, Mpira na Fimbo ya Gofu Kuzunguka Rusinga

Desemba inapofika, kisiwa cha Rusinga hujaa watu kuliko mwezi mwingine wowote. Mabasi kutoka Nairobi, Mombasa na Nakuru huishia Mbita, abiria hushuka na mizigo yao, huvuka mlango mwembamba wa maji na kutawanyika kuelekea Kaswanga, Kamasengre, Waware na Wanyama. Katika siku hizo, kabla ya Krismasi, hufanyika tamasha la kila mwaka ambalo ndani yake mitumbwi hushindana kwa makafi, vijana hukamatana mieleka, wazee huinamia ajua, yaani bao, na vikundi vya kijiji kimoja na kingine huvutana kamba hadi upande mmoja uanguke. Mshindi hapati jambo kubwa. Anapata haki ya kuwasema walioshindwa kwa miezi kumi na miwili, na aliyeshindwa anapata sababu ya kurudi. Mashindano ya aina hii, ya marafiki wanaotafutana kila mwaka ili wapimane nguvu kisha wale pamoja, yana historia ndefu katika ufuko huu wa ziwa. Historia hiyo inapita kwenye vita vya koo, meli za mvuke, viwanja vya gofu vya wakoloni, kombe la kampuni ya sabuni, na misiba.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Kina kilomita za mraba zipatazo 44, na katikati yake umesimama mlima unaoonekana kutoka pande zote za mlango wa Ghuba ya Winam. Wanasayansi wanakijua kwa sababu nyingine: mwaka 1948 Mary Leakey alifukua hapa fuvu la Proconsul, nyani wa kale aliyeishi zaidi ya miaka milioni 17 iliyopita. Kisiwa jirani cha Mfangano kina michoro ya miambani, miduara na miale ya rangi nyekundu na nyeupe, iliyoachwa na wawindaji waliotangulia wakulima na wavuvi wa leo. Kuhusu michezo ya watu hao hatuna la kusema. Habari yetu inaanza na waliokuja kwa mitumbwi.

Simulizi za Abasuba zinasema kwamba mababu zao walitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Buganda na Busoga, katika karne ya 18, wakikimbia machafuko yaliyofuata kuuawa kwa mfalme. Walifika makundi kwa makundi, kila kundi na jamaa zake, wakatua Mfangano, Rusinga na pwani ya bara kuanzia Gwassi hadi karibu na Muhuru. Walikuja na lugha ya Kibantu na ufundi wa kushona mitumbwi: mbao ziliunganishwa kwa nyuzi za mimea, zikazibwa, na gubeti likanyanyuliwa mbele. Chombo cha namna hiyo kilibeba shehena na wapiga makafi wengi, na kasi yake ilitegemea jambo moja, kwamba wote wapige kwa pigo moja. Nyimbo za kazi ndizo zilizoshika pigo hilo. Mtumbwi usio na mwimbaji mzuri ulikuwa mzito hata kama vijana wake walikuwa na misuli.

Makundi hayo yaligawana kisiwa kwa koo, na koo ziligombana. Ziligombea pwani zenye samaki, malisho na mifugo. Lakini juu ya ugomvi kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa kirahisi: mtu hakuoa ndani ya ukoo wake. Kijana wa ukoo mmoja alipaswa kutafuta mchumba katika ukoo ule ule uliomchukulia babu yake ng'ombe. Hivyo kila aliyekuwa mpinzani alikuwa pia shemeji, au mkwe, au mjomba wa watoto. Naamini hapa ndipo mzizi ulipo. Mahali ambapo adui ndiye mzazi wa mke wako, uhasama hulazimika kutafuta umbo jingine. Ulipata umbo hilo katika mieleka, katika mbio za mitumbwi wakati watu walipokwenda harusini au matangani, na katika maneno makali ambayo kwa mtu baki yangekuwa matusi lakini kwa shemeji ni utani.

Wakati huohuo Waluo walikuwa wakienea kusini mwa ghuba, na katika vizazi vilivyofuata Abasuba walioana nao, wakafanya biashara nao, na hatimaye wengi wao, hasa Rusinga, wakaanza kusema Dholuo nyumbani. Michezo nayo ilichanganyika. Waluo walikuwa na olengo, yaani mieleka, na adhula, mchezo wa vikosi viwili vinavyogombea mpira mgumu kwa fimbo zilizopinda kichwani. Adhula ilichezwa na vijana wa kijiji kimoja dhidi ya kingine katika nyanja za malisho, na magoti yaliyovunjika yalihesabiwa kuwa sehemu ya mchezo. Ni vyema kulikumbuka hili kabla ya kufika kwenye gofu. Watu wa ziwa hawakungoja Mwingereza awafundishe kwamba fimbo iliyopinda inaweza kupiga mpira.

Mashindano ya enzi hiyo hayakuwa na tarehe. Yalifuata mavuno. Mvua za masika zikishazaa na ghala zikijaa, kulikuwa na nafaka ya pombe, na penye pombe palikuwa na wageni. Mwaka wenye njaa haukuwa na mieleka. Ushindani wa kirafiki ulikuwa mazao ya shibe, ukaendelea hivyo hadi kalenda nyingine ilipoingia.

Kalenda hiyo ilikuja kwa maji na kwa chuma. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, akaona pia mamia ya mitumbwi ya vita ya Kabaka Mutesa wa Kwanza. Robo karne baadaye, Desemba 1901, reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence. Ziwa likawa barabara ya meli za mvuke. Miongoni mwake ilikuwamo meli iliyopewa jina la Rusinga, iliyojengwa Paisley, Scotland, vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kisumu na kuungwa huko karibu na kuanza kwa Vita Kuu ya Kwanza. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba jina la kisiwa kisicho na gati la maana lilizunguka ziwa zima likiwa limeandikwa ubavuni mwa chombo cha Paisley.

Miaka hiyo haikuwa ya michezo kwa wenyeji. Ugonjwa wa malale uliozuka Busoga mwanzoni mwa karne uliua watu wengi mno kuzunguka ziwa, na pwani nyingi zikabaki tupu. Kodi ya kibanda ilidai fedha, na fedha zilipatikana kwa kwenda kufanya kazi mbali. Mwaka 1905 nyavu za kisasa zilianza kutumika katika ghuba, na uvuvi ambao ulikuwa kazi ya msimu na ya jamaa ukaanza kuwa biashara. Serikali ya mkoloni ilizuia vita vya koo, jambo ambalo lingeweza kuipa michezo nafasi kubwa zaidi. Badala yake iliwaondoa vijana waliokuwa wakicheza. Walikwenda kwenye mashamba ya chai ya Kericho, kwenye bandari ya Mombasa, kwenye karakana za reli za Nairobi. Kuanzia hapo, swali la nani anashindana na nani Rusinga likaambatana na swali jingine: nani yuko nyumbani?

Gofu iliingia katika pengo la enzi hiyohiyo, ikabebwa na watu waliokuwa wageni na wenye wakati. Nayo ilikuwa na ukoo wake. Mwaka 1744 waungwana wa Leith, karibu na Edinburgh, waliandika kanuni 13 ili washindanie fimbo ya fedha iliyotolewa na mji. Miaka kumi baadaye wenzao wa St Andrews wakajiunga pamoja. Vilabu vilipoongezeka, vikaanza kutafutana: mwaka 1818 vilabu viwili vya Edinburgh, Burgess na Bruntsfield, vilikutana katika pambano linalotajwa kuwa la kwanza baina ya klabu na klabu. Desturi iliyotokana na hapo ilienea dunia nzima. Klabu moja hualika nyingine, wachezaji wa ridhaa hupangwa wawili wawili, wanacheza, wanakula, wanatoa hotuba za kuchekeshana, na mwaka unaofuata waalikwa huwa wenyeji. Michuano mikubwa ya leo, ukiwemo ule wa Walker baina ya wachezaji wa ridhaa wa Marekani na wa Uingereza na Ireland ulioanza mwaka 1922, ni vitukuu vya karamu hizo.

Maofisa wa Himaya walibeba desturi hiyo pamoja na sanduku la fimbo. Klabu ya Entebbe, kwenye nyasi zinazoteremka kuelekea ziwani, ilianzishwa mwanzoni kabisa mwa karne ya 20 na inahesabiwa kuwa kongwe kuliko zote Afrika Mashariki. Nairobi ikafuata mwaka 1906, Mombasa mwaka 1911. Jinja na Kisumu nazo zikapata viwanja vyao, na baada ya watu kukimbilia dhahabu ya Kakamega mwaka 1931, gofu ikafika hata huko. Ukiangalia ramani, utaona viwanja hivyo vimeshikamana na njia za meli na reli kama shanga kwenye uzi. Hilo halikutokea kwa bahati. Bila chombo cha kuwapeleka wageni Jumamosi na kuwarudisha kabla ya kazi ya Jumatatu, pambano la klabu kwa klabu lisingewezekana.

Ziwa lilitia mkono wake katika kanuni za mchezo. Jinja, mpira ulioingia katika wayo wa kiboko uliruhusiwa kuokotwa na kuwekwa pengine bila adhabu. Klabu ya Nyanza nayo inakumbukwa katika vitabu vya gofu kwa kanuni ya mwaka 1950: mpira ukisimama mahali pa hatari karibu na kiboko au mamba, mchezaji aweke mwingine, kwa umbali wa salama, bila kuupoteza mpigo. Wasomaji wa Ulaya walicheka. Mvuvi wa Rusinga hangeona cha kuchekesha, kwa kuwa kiboko huua watu ziwani kila mwaka, na yeye hakuwa na kanuni ya kumpa pigo la bure.

Mwafrika hakucheza katika nyanja hizo. Aliingia kama mkata majani, mpishi au kedi. Vijana wa vijiji jirani walibeba mifuko ya fimbo, wakajifunza kusoma mteremko wa nyasi na upepo wa ziwani kuliko mabwana zao, na jioni walicheza vichakani kwa fimbo walizochonga wenyewe. Elimu hiyo ya kichakani ilizaa, vizazi viwili baadaye, wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya na Uganda. Ila utani wa klabu, ule wa mezani baada ya mchezo, ulifanyika mlango ukiwa umefungwa. Marafiki waliokuwa wakishindana walikuwa marafiki kwa sababu wengine wote walikuwa wamezuiwa kuingia. Jambo hilo lisifichwe na uzuri wa nyasi.

Mchezo uliovunja mlango ulikuwa mpira wa miguu. Ulifika na misheni: Waanglikana wakiwa Maseno tangu mwaka 1906, Waadventista wa Sabato wakiwa Gendia karibu na Kendu mwaka huohuo, Wakatoliki wakiwa pande zote. Mpira haukuhitaji klabu wala kiwanja kilichofyekwa na watumishi. Ulirithi nyanja za adhula na, kwa maoni yangu, ulirithi pia tabia yake, kijiji dhidi ya kijiji na kelele za akina mama pembeni. Dini iliweka ratiba. Penye Waadventista wengi, kama ilivyo kusini mwa Nyanza hadi leo, Jumamosi hapakuwa na mechi, na waandaaji waliolisahau hilo walijikuta wakiwa na timu pungufu.

Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania kombe lililotolewa na watengenezaji wa sabuni, William Gossage. Mchezo wa kwanza uliisha sare, ukarudiwa, Kenya ikashinda 2–1. Kwa karibu miongo miwili Kombe la Gossage lilikuwa shauri la majirani wawili tu, wakialikana kila mwaka kwa njia ya reli na meli. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949, na kutoka hapo yakatokea mashindano yanayojulikana leo kwa jina la CECAFA. Anayetaka kuelewa jinsi urafiki unavyokua ukawa taasisi, na jinsi taasisi inavyoweza kuupunguza urafiki, na asome historia ya kombe hilo. Wawili walijuana kwa majina, wanne walijuana kwa bendera, na walipozidi hapo walijuana kwa kanuni na rufaa.

Buganda ilichukua njia tofauti. Mwaka 1950, chini ya Kabaka Mutesa wa Pili, yalianzishwa mashindano ya mpira ya koo za Baganda, yaitwayo Bika. Kila ukoo huunda timu ya watu wake, na mchezaji hachezi ila kwa ukoo wa baba yake. Mashindano hayo yanaendelea hadi sasa, na fainali zake bado hukusanya umati. Nayataja kwa sababu Abasuba ni ndugu wa mbali wa watu hao, na kwa sababu yalitatua mapema tatizo ambalo Rusinga ingekutana nalo baadaye: ukiruhusu timu kumkodi yeyote, utakuwa na mchezo mzuri zaidi na utani mdogo zaidi.

Miaka ileile ya 1940 na 1950, watu wa Nyanza waliokuwa mijini walikuwa wamejipanga katika vyama vya ukoo na vya eneo. Juu yavyo ulisimama Umoja wa Waluo, ambao Jaramogi Oginga Odinga aliuongoza kwa cheo cha Ker kuanzia mwaka 1953. Vyama hivyo vilisafirisha maiti nyumbani, vikalipa karo, vikapatanisha walioachana, na vikaunda timu za mpira. Mtoto wa Rusinga aliyezaliwa ugenini akawa jambo la kawaida. Tom Mboya, mashuhuri kuliko wote waliotoka kisiwani, alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi. Wafanyakazi hawa wa ugenini walipata likizo moja ndefu tu katika mwaka, ya Krismasi. Kwa hiyo Desemba, ambayo haikuwa na maana yoyote katika kalenda ya mtama na samaki, ikawa mwezi wa kurudi, na mwezi wa kurudi ukawa mwezi wa kushindana. Waliobaki walicheza na waliotoka. Wa Nairobi walicheza na wa Mombasa. Mashindano ya mavuno yalikufa polepole, ya mshahara yakazaliwa.

Uhuru wa mwaka 1963 uliyakuza mambo haya yote kwa kipimo cha taifa. Abaluhya United, ambayo baadaye iliitwa AFC Leopards, iliundwa mwaka 1964, na Gor Mahia mwaka 1968 kutokana na vilabu vya Waluo. Pambano lao mashabiki hulijua kama la mashemeji, kwa sababu Waluo na Waluhya wameoana kwa muda mrefu kandokando ya ziwa. Watanzania walikuwa na lao, la watani wa jadi: Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936. Inafaa kutazama kwamba miji miwili mikubwa ya Afrika Mashariki, bila kuulizana, iliupa ushindani mkubwa kuliko wote jina la undugu. Vurugu zimetokea, ndiyo, na mawe yamerushwa. Hata hivyo jina limebaki likimkumbusha shabiki kwamba anayemzomea leo huenda kesho akaketi naye kupanga mahari.

Vilabu vya gofu navyo vilifungua milango miaka hiyo, kwanza kwa mawaziri, mahakimu na wakurugenzi, kisha kwa wafanyabiashara. Mashindano ya wazi ya Kenya yalianza mwaka 1967. Wazungu walipoondoka, viwanja vya miji midogo ya magharibi, Kisii, Kakamega na Kisumu vikiwemo, viliokolewa na wanachama wapya Waafrika na Waasia, ambao hawakuibadilisha desturi ya kualikana. Waliitia chumvi yao tu. Hotuba za baada ya mchezo zikaanza kuchanganya Kiingereza, Kiswahili na Dholuo, na nyama choma ikachukua nafasi ya chai na keki.

Rusinga ilipata pigo ambalo halikuhusiana na mchezo wowote. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, aliuawa kwa risasi Nairobi akiwa na umri wa miaka 38. Msafara wa mazishi ulivuka nchi hadi kisiwani, ambako kaburi lake limejengewa jumba la kumbukumbu ambalo wageni hulitembelea hadi leo. Kutoka siku hiyo Rusinga ilijulikana na Wakenya kama mahali pa kaburi. Nasema hivi kwa uzito, kwa kuwa miongo miwili baadaye kisiwa kizima kilikuwa karibu kupata sifa hiyo.

Mapema miaka ya 1980, tuta la mawe na udongo liliunganisha Rusinga na Mbita. Magari yakaingia, maji yakazuiwa kupita. Wakati huohuo sangara, anayeitwa mbuta huku, aliyepandwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, aliongezeka ghafla. Viwanda vya minofu vilifunguliwa, malori ya barafu yakafika pwani, na fedha zikazunguka kuliko wakati wowote. Injini zilichukua kazi ya makafi na tanga. Wavuvi wakaanza kuhama pwani hadi pwani wakimfuata samaki, na pwani moja ikawa na watu wa koo kumi, wengine wao Waganda. Katika miaka ya 1990 gugu-maji lilifunika ghuba, na UKIMWI, ambao eneo la Homa Bay limeubeba kwa kiwango cha juu kuliko karibu pengine pote nchini, uliingia kila boma. Watu waliorudi nyumbani walirudi kuzika. Kote Nyanza mashindano ya mpira ya Desemba yalianza kubeba majina ya marehemu: kombe la mwalimu fulani, kombe la chifu fulani, fulana zenye picha yake. Ushindani wa marafiki haukukoma. Ulivaa nguo za msiba, na kwa baadhi ya familia ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kukusanyika bila jeneza katikati.

Tamasha la Rusinga lilizaliwa baada ya hayo, mwanzoni mwa miaka ya 2010. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa zimepunguza vifo, Katiba ya mwaka 2010 ilikuwa imeleta serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013, na hofu mpya ilikuwa imejitokeza: Kisuba kilikuwa kikififia. Mfangano walikuwa wameanzisha jumba la makumbusho la amani la Abasuba, na redio ya jamii ikaanza kusikika huko kwa lugha hiyo. Waandaaji wa tamasha waliweka ngoma, vyakula na mavazi, lakini waliweka pia mbio za mitumbwi na mieleka, na hapo walikuwa na busara. Ngoma hutazamwa. Mashindano huwafanya watazamaji wachague upande, na kuchagua upande humlazimisha kijana wa Nairobi kumuuliza bibi yake: sisi ni wa ukoo gani?

Mambo mengine yalirudi mahali pake. Tuta liliondolewa na daraja likajengwa, maji yakapita tena chini yake. Janga la Korona lilipofunga mikusanyiko mwaka 2020, watu walihesabu hasara si kwa fedha za hoteli peke yake. Mwaka mzima ulipita bila kujulikana nani amemshinda nani.

Gofu nayo, kwa upande wake wa ziwa, imefika mahali panapofanana. Wachezaji wa ridhaa wa Kenya na Uganda hukutana kushindania Kombe la Victoria, lililopewa jina la ziwa lenyewe, timu kwa timu. Chini ya hapo kuna vikundi vya marafiki visivyo na katiba: waliosoma shule moja, waliofanya kazi benki moja, waliotoka kaunti moja, ambao huchagua wikendi moja katika mwaka, hugawana pande mbili, hupeana pigo za nyongeza ili aliye dhaifu asidharauliwe, na hubishana matokeo hadi mwaka ufuatao. Wengi wao ni watoto wa waliokwenda mjini kwa ajili ya kodi ya kibanda. Rusinga haina kiwanja cha gofu. Wana wake wanaocheza huchezea Kisumu au Nairobi, kisha Desemba huegesha gari Mbita na kuteremka ufukoni kutazama mitumbwi, na hakuna anayeona kwamba amehama kutoka jambo moja kwenda jingine.

Linalojadiliwa sasa ni nani apige kafi. Mchezo ulipoanza, timu ilikuwa ukoo. Ukoloni uliifanya kuwa kijiji na lokesheni. Kwa kanuni za uvuvi za katikati ya miaka ya 2000, kila pwani ilipata uongozi wake, wenye wanachama walioandikishwa, mwenyekiti na hazina, na leo wenye mikono iliyozoea maji ni watu wa pwani hizo, ambao wengine babu zao hawakuzikwa Rusinga. Kijana wa ukoo aliyekulia Kayole, Nairobi, anajua nyimbo lakini akishika kafi huchoka kabla ya nusu ya njia. Wapo wazee wanaotaka kanuni kama ya Bika, kwamba damu iamue. Wapo wavuvi wanaosema kwamba anayeamka saa tisa usiku kuvua omena katika maji haya miaka kumi na mitano, akaoa hapa na kulipa ada ya pwani hapa, tayari ni shemeji, na shemeji hajawahi kukatazwa kushindana.